Ufa wa Mwamba Hauzibwi

Matini ya mazungumzo ya uhamasisho wa usalama kwa wakazi wa Keringet, Kaunti Ndogo ya Kuresoi Kusini



Huenda mtu akauliza: mazungumzo ya boti na majabali yanahusu nini Keringet? Hapa kuna majani chai, viazi, ng'ombe wa maziwa na chemchemi zinazojulikana nchi nzima. Ziwa halipo. Lakini kila muhula basi la shule huondoka hapa kabla ya jua kuchomoza, likiwa limejaa watoto wenye chakula cha mchana mikobani, kuelekea Naivasha, Hell's Gate, Nakuru au Baringo. Vikundi vya vijana wa kanisa hushuka huko. Chama cha akina mama kikigawana faida mwisho wa mwaka, safari ya kwanza kutajwa ni ya boti ziwani. Vijana wa hapa nao hutafuta kazi huko chini, wengine kwenye boti, wengine kama waongoza watalii, wengine kwenye machimbo ya mawe. Mtu aliyelelewa milimani hujua kuogopa baridi na barabara yenye utelezi. Ukuta wa mwamba uliosimama juu ya maji haujui, na ndiyo sababu ya mazungumzo haya.

Hata hivyo, kanuni kubwa ya leo kila mtu wa Keringet anaifahamu tayari, ila hajaitumia mahali pengine. Mkaratusi unapoangushwa kwa msumeno, mwenye kazi huwafukuza watoto na ng'ombe kwanza. Anautazama mti kutoka shinani hadi kileleni, anakadiria urefu wake, halafu anahakikisha hakuna mtu ndani ya urefu huo, upande wowote ule. Hasemi, "Nimeukata uelekee kule, kwa hiyo huku ni salama." Anajua kwamba mti hugeuka. Ukuta wa mwamba ni mti wa jiwe. Tofauti ni kwamba hakuna anayesikia msumeno.

Yaliyotokea Brazil mwaka 2022

Tarehe 8 Januari 2022, siku ya Jumamosi, watalii walikuwa kwenye boti katika ziwa la Furnas, eneo la Capitólio, jimbo la Minas Gerais nchini Brazil. Ziwa hilo lilitokana na bwawa la kuzalisha umeme. Maji yake yameingia katika makorongo yenye kuta ndefu za mwamba, na watu husafiri kutoka mbali kuja kuona maporomoko yanayomwagika kutoka juu. Boti zilikuwa zimesimama karibu na ukuta, jinsi zilivyozoea kusimama kila wikendi, ili abiria waone vizuri na kupiga picha.

Wiki hizo mvua kubwa ilikuwa ikinyesha katika jimbo hilo. Siku hiyohiyo idara ya kukabili majanga ilikuwa imetoa onyo kwamba maji yangeweza kuja kwa ghafla katika eneo la Capitólio, na kuwashauri watu waepuke maporomoko. Safari ziliendelea.

Video iliyopigwa na watu waliokuwa kwenye boti nyingine ilionekana duniani kote. Kwanza vipande vidogo vya mawe vinaanguka majini. Watu walio mbali wanaona na kuanza kupiga kelele, wakiwaita walio karibu waondoke. Halafu nguzo nzima ya mwamba inaachana na ukuta, inainama polepole kama mti uliokatwa, na kuangukia boti. Watu 10 walikufa na zaidi ya 30 wakajeruhiwa. Polisi walipomaliza uchunguzi walisema kwamba mwamba ule uliangushwa na nguvu za asili. Hakuna mtu aliyeusukuma na hakuna baruti iliyolipuliwa.

Kuna mambo matatu katika kisa hicho ambayo mkazi wa Nakuru anafaa kuyashika. La kwanza, onyo lilikuwepo, tena mara mbili: tangazo la idara, na vijiwe vilivyotangulia kuanguka. La pili, walioliona onyo la mwisho walikuwa mbali, na waliokuwa chini ya ukuta hawakuwa na nafasi ya kuliona wala muda wa kulitii. La tatu, mahali pale palikuwa pamezoeleka. Watu walisimama pale jana na juzi na hakikuanguka kitu, wakadhani hiyo ni hakikisho.

Kwa nini mwamba huanguka

Mwamba huonekana kitu cha milele, na ndiyo maana watu huegesha boti, hutandika mkeka na kula chakula chini yake. Lakini kila ukuta wa mwamba una nyufa. Lava inapopoa hupasuka yenyewe, na mara nyingi hupasuka kwa kusimama, ikaacha nguzo zilizopangana kama magogo yaliyoegemezwa ukutani. Mtu aliyefika Hell's Gate amezipita nguzo hizo akiwa kwenye baiskeli, pengine bila kujua kwamba kila mstari anaouona kati ya nguzo na nguzo ni ufa.

Mvua ikinyesha, maji huingia katika ufa na kusukuma pande zote mbili, na huosha udongo uliokuwa ukishikilia mawe. Mchana jua hupasha mwamba moto, usiku baridi huupoza, na kila siku mwamba hutanuka na kusinyaa. Mbegu ya mkuyu iliyodondoshwa na ndege huota ndani ya ufa, na mzizi unaoanza ukiwa mwembamba kama uzi huishia kuwa mnene kama mkono wa mtu. Chini, mawimbi ya ziwa au maji ya mto hula msingi wa ukuta, hadi sehemu ya juu inabaki imening'inia.

Tena hapa ni Bonde la Ufa. Jina lenyewe linasema. Tarehe 6 Januari 1928 tetemeko la ardhi lenye ukubwa wa takriban 6.9 lilitokea Subukia, ndani ya Nakuru ya leo, nalo ndilo kubwa zaidi kurekodiwa nchini Kenya. Mitetemeko midogo hutokea katika bonde hili, na mingi watu hawaihisi. Mwamba unaihisi.

Waswahili husema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa nyumba, methali hiyo inafaa. Kwa jabali la mita 40 haifai, kwa sababu hakuna serikali, mwenye hoteli wala nahodha anayeweza kuziba kila ufa. Hakuna pia mtu anayeweza kutaja siku na saa ambayo nguzo fulani itaanguka. Kwa hiyo kinga inayobaki ni moja, nayo haina gharama: kutokuwepo chini yake.

Sekunde mbili

Watu wengi hujiamini wakisema, "Jiwe likianguka nitaliona, nitakimbia." Hesabu inakataa. Jiwe linaloanguka kutoka urefu wa mita 20 hufika chini kwa sekunde 2 tu, na likifika lina mwendo wa kama kilomita 70 kwa saa. Kutoka mita 45 huchukua sekunde 3 na kufika na mwendo wa zaidi ya kilomita 100 kwa saa. Mnara wa Fischer, lile jabali linalosimama peke yake karibu na lango la Hell's Gate, una urefu wa kama mita 25. Jiwe likichomoka kileleni, kabla mtu hajamaliza kusema "Angalia!" limeshafika.

Majini ni vigumu zaidi. Mtu aliye nchi kavu anaweza angalau kuruka hatua mbili. Boti haina breki wala haigeuki papo hapo. Injini iliyozimwa ili abiria wapige picha inahitaji kuvutwa kamba, iwake, boti igeuzwe, halafu ianze kushika mwendo. Abiria wakishtuka na kukimbilia upande mmoja, boti inaweza kupinduka hata kabla ya jiwe kuigusa.

Hapo ndipo kanuni ya mkaratusi inapoingia. Nguzo ya mita 30 ikianguka kwa kulala, ncha yake inafika mita 30 kutoka ukutani. Aliye ndani ya umbali huo yuko katika eneo la kifo. Aliye nje yake kidogo bado atapigwa na vipande vinavyoruka na maji yanayotibuka. Kwa hiyo mtu akadirie urefu wa ukuta, kisha akae mbali angalau mara mbili ya urefu huo. Ukuta wa mita 30, boti ibaki mita 60 au zaidi. Hiyo ni zaidi ya nusu ya urefu wa kiwanja cha mpira. Asiyeweza kukadiria atumie macho: ikiwa lazima uinue kidevu sana ili uone kilele, uko karibu mno.

Wimbi nalo huua

Jiwe kubwa likiangukia maji, hatari haiishii pale lilipoangukia. Maji hutoa nafasi kwa kuinuka, na yakiinuka hukimbilia pande zote. Katika bonde la Loen nchini Norway, tarehe 15 Januari 1905, sehemu ya mlima iliporomoka ndani ya ziwa. Wimbi lililotokea lilifagia vijiji vya ufuoni, likaua watu 61, na kuitupa meli ndogo ya abiria mbali nchi kavu. Walionusurika walirudi, wakajenga upya. Tarehe 13 Septemba 1936 mlima uleule uliporomoka tena, na watu 74 wakafa.

Milima ya Norway ni mikubwa kuliko majabali ya maziwa ya hapa, lakini sheria ya maji ni ileile. Wimbi la urefu wa mita moja, ambalo kwa mtu aliyesimama ufuoni ni kitu cha kuchekesha, linatosha kupindua boti ndogo iliyojaa watu kupita kiasi. Ndiyo maana jaketi la kuokolea maisha huvaliwa na kufungwa kifuani tangu mtu anapopanda hadi anaposhuka. Jaketi lililokaliwa kama mto, au lililofungiwa chini ya kiti, halijawahi kumwokoa mtu. Mtoto apewe la ukubwa wake, maana la mtu mzima humchomoka akiingia majini.

Abiria wa Ziwa Naivasha huonywa zaidi kuhusu viboko na upepo wa alasiri, na ni haki waonywe. Ziwa Baringo, ambako boti hutoka Kampi ya Samaki kwenda visiwa vya miamba ya volkano kama Ol Kokwe, lina mamba na viboko pia. Lakini nahodha akikaribia mwamba wowote uliosimama wima, onyo la mwamba liongezwe juu ya hayo. Na katika miaka ya karibuni maziwa ya Bonde la Ufa yamepanda sana, yakameza nyumba, shule na barabara. Mahali ambapo zamani palikuwa na ufuo mpana kati ya maji na mwamba, sasa maji yanaweza kuwa yanalamba mguu wa mwamba wenyewe. Nahodha anayesema, "Hii njia nimeipita miaka ishirini," aelewe kwamba si njia ileile tena.

Korongo la Hell's Gate

Mbuga ya Hell's Gate ilianzishwa mwaka 1984, na ni mojawapo ya mbuga chache ambamo mtu huruhusiwa kutembea kwa miguu na kuendesha baiskeli kati ya wanyama. Korongo lake, Ol Njorowa, lilichimbwa na maji ya ziwa la kale lililokuwa kubwa kuliko Naivasha ya leo, yakitafuta njia ya kuelekea kusini. Kuta zake zinavutia, na mahali pengine ni nyembamba kiasi kwamba mtu anagusa pande zote mbili. Uzuri huo ndio hatari yake. Kitu kikitoka juu, kiwe jiwe au maji, hakuna pa kukimbilia.

Mwezi wa Aprili mwaka 2012 vijana 7 waliokuwa katika ziara ya kanisa walisombwa na mafuriko ya ghafla ndani ya korongo hilo na kufa. Tarehe 1 Septemba 2019, siku ya Jumapili, watu wengine 7 walikufa vivyo hivyo, akiwemo mwongoza watalii wa eneo hilo aliyekuwa pamoja nao. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lililazimika kulifunga korongo.

Tarehe hizo mbili zina funzo. Aprili ni masika, na kila mtu anatarajia mvua. Septemba si masika Naivasha. Watu wa Keringet wamezoea mvua ya Julai na Agosti, lakini anayetoka hapa akakuta Naivasha vumbi tupu hudhani hatari imebaki nyumbani. Korongo halijazwi na mvua inayomlowesha mtu aliye ndani yake peke yake. Hukusanya maji ya miteremko yote inayolizunguka. Jua linaweza kuwa linawaka juu ya kichwa huku wingu limepasuka nyuma ya kilima. Hilo mtu wa Mau anaweza kulielewa upesi: mvua ikinyesha Molo, Mto Molo huipeleka hadi Ziwa Baringo, na mwenye shamba kando ya mto huko chini huona maji mekundu bila kuona tone angani.

Maji hayo hayo ndiyo yanayolegeza mawe. Kwa hiyo siku ya mafuriko ni siku ya mawe pia, na siku mbili tatu baada ya mvua kubwa bado ni za hatari, ingawa mbingu zimetakata.

Dalili za kutazama

Mwamba hauzungumzi, lakini mara nyingine hutoa dalili. Mkazi akiona mojawapo ya hizi, aondoke na kuwaondoa wenzake:

Vijiwe vidogo au mchanga unaotiririka kutoka juu, hata kama ni konzi moja. Sauti ya kitu kinachopasuka, kama tawi kavu, bila upepo. Maji yanayotoka katika ufa ambao jana ulikuwa mkavu, au maji safi yanayogeuka kuwa ya matope ghafla. Sehemu ya ukuta yenye rangi mpya, inayong'aa kuliko kwingine, maana yake jiwe limetoka hapo karibuni. Rundo la mawe yenye kingo kali chini ya ukuta, yasiyoota majani wala ukungu. Ufa mpana nyuma ya nguzo, hasa wenye mizizi ndani. Ndege wengi wanaoruka kwa pamoja kutoka mwambani.

Kutokuwepo kwa dalili si kibali cha kukaa. Mawe mengi huanguka bila kutoa taarifa.

Nani atasema hapana?

Hili ndilo gumu kuliko yote yaliyotangulia. Kwenye safari ya boti kuna pesa zilizolipwa, kuna simu zilizoinuliwa kupiga picha, kuna mtu anayepiga kelele nyuma, "Karibia kidogo, kapteni!" Nahodha kijana anajua kwamba asipokaribia, kundi lijalo litapanda boti ya jirani yake. Mwongoza watalii naye ana watoto wa kulisha. Mwalimu anaogopa kuonekana mwoga mbele ya wanafunzi. Kila mmoja anangoja mwingine aseme neno, na boti inasogea.

Kwa hiyo neno lisemwe mapema, kabla ya kupanda. Mwalimu au kiongozi wa kikundi amwambie nahodha wakati wa kulipa: boti isikaribie ukuta wa mwamba, na hakuna atakayelalamika. Sentensi hiyo moja humpa nahodha ruhusa ya kufanya kazi yake vizuri. Abiria wakiomba asogee, atakuwa na la kujibu.

Mzazi anayetia sahihi fomu ya safari ana haki ya kuuliza maswali. Boti zimekaguliwa na kusajiliwa? Majaketi yanatosha kila mtoto? Nani amesikiliza utabiri wa Idara ya Hali ya Hewa wiki hiyo? Safari ikikuta mvua, mpango wa pili ni upi? Mwalimu mkuu hapaswi kukasirishwa na maswali hayo. Kijana aliyepata kazi ya boti naye ajue kwamba vyombo vya majini vinasimamiwa na Mamlaka ya Usafiri wa Majini nchini, KMA, na kwamba kubeba watu kupita kiasi au bila majaketi ni kosa, hata abiria wakikubali wenyewe.

Askari wa KWS akifunga njia, njia imefungwa. Kumpa mtu "kitu kidogo" ili afungue ni kununua kaburi kwa pesa taslimu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na hapa guu ni jambo dogo.

Nyumbani Kuresoi

Mtu akitoka hapa asiseme kwamba haya ni ya wasafiri tu. Boti na ziwa ni vya mbali, lakini ukuta uliosimama wima uko karibu. Barabara zinapochongwa katika milima hii, huacha kingo ndefu za udongo na mawe, na wakati wa mvua watoto hujikinga chini yake wakitoka shule. Akina mama huweka vibanda vya viazi chini ya kingo hizohizo kwa sababu kuna kivuli. Kwenye machimbo ya mawe, vijana huchimba kwa chini na kuacha sehemu ya juu ikining'inia, kwa sababu jiwe zuri liko chini.

Usiku wa kuamkia tarehe 23 Novemba 2019, maporomoko ya ardhi katika Kaunti ya Pokot Magharibi yaliua zaidi ya watu 40 baada ya mvua kubwa. Wengi walikuwa wamelala. Mlima hauulizi kama mtu ni mtalii au mwenyeji.

Mchimbaji aanze juu na kushuka kwa ngazi, asichimbe pango chini ya ukuta. Helmeti humkinga na kokoto, haimkingi na jabali. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 inamtaka mfanyakazi atoe taarifa akiona hatari kubwa, na mwenye kazi haruhusiwi kumrudisha mahali hapo kabla hatari haijaondolewa. Kijana wa machimbo ajue haki hiyo. Anayeona ufa mpya juu ya barabara, shule au nyumba amwambie mzee wa mtaa au chifu siku hiyohiyo, wala asingoje baraza.

Likianguka

Ikiwa pamoja na tahadhari zote jiwe limeanguka, boti zilizo nje ziondoke kwanza hadi umbali salama, zikielekeza pua kwenye wimbi badala ya kulipa ubavu. Abiria wakae chini, washike boti, wasikimbilie upande mmoja. Baada ya hapo ndipo waokoaji waangalie juu kabla ya kurudi, kwa kuwa jiwe la kwanza mara nyingi hufuatwa na la pili. Watu wengi wema wamekufa wakikimbilia kuokoa bila kutazama.

Aliye nchi kavu akimbie kwa upande, kuambaa na ukuta hadi atoke chini ya sehemu inayoanguka, au kwenda mbali nao ikiwa nafasi ipo. Akizidiwa, ajifiche nyuma ya jabali kubwa lililotulia na kufunika kichwa kwa mikono au mkoba. Aliyejeruhiwa mgongo au shingo asivutwe ovyo, isipokuwa hatari bado inamkabili. Simu ya dharura ni 999 au 112, na ya Msalaba Mwekundu ni 1199 bila malipo. Anayepiga ataje mahali, idadi ya watu, na kama mawe bado yanaanguka. Kwa kuwa mtandao hupotea korongoni, kikundi kimwache mtu mmoja nje anayejua saa ya wenzake kurudi.

Kwa kumalizia

Hakuna anayewaambia watu wa Keringet waache kusafiri. Watoto waende wakaone twiga wa Hell's Gate, heroe, na mvuke unaotoka ardhini Olkaria. Waone nguzo za mwamba zilizotengenezwa na moto. Wazione kutoka mbali, ambako kwa kweli huonekana vizuri zaidi, kwa sababu aliye chini ya jabali haoni jabali, huona jiwe tu.

Muhula ujao basi litaondoka tena alfajiri. Kabla halijaondoka, mtu mmoja, awe mzazi, mwalimu au kiongozi wa darasa, asimame mlangoni aulize kama kila mtu anaijua kanuni ya mkaratusi. Watoto wa hapa wataijibu bila kufundishwa: mara mbili ya urefu wake, na usigeuze mgongo.